Hati ya Malipo Ikichelewa: Kisa cha Makandarasi Wadogo wa Barabara za Vijijini Ghana

Mwaka 1983 Ghana ilibanwa kila upande. Kulikuwa na ukame, moto ulioteketeza mashamba, na Waghana wapatao milioni moja waliorejea nyumbani ghafla baada ya kufukuzwa Nigeria. Mavuno ya kakao, ambayo katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa yamepita tani 500,000 kwa msimu, yaliporomoka hadi karibu tani 159,000 msimu wa 1983/84. Na hata hiyo kidogo iliyovunwa, sehemu yake ilikwama vijijini kwa kukosa lori. Barabara zilikuwa zimekatwa na maji, na mitambo ya serikali ilikuwa imeegeshwa ikisubiri vipuri ambavyo nchi haikuwa na dola za kuvinunulia.

Naanzia hapo kwa sababu uamuzi uliofuata hauelezeki bila hali hiyo. Nchi haikuwa na mitambo wala fedha za kigeni, lakini mikono ilikuwapo, na barabara zilihitajika haraka. Mwaka 1986 Idara ya Barabara za Vijijini, iliyokuwa na umri wa miaka mitano tu, ilianza mradi wa majaribio katika Mkoa wa Magharibi, kwenye nchi ya kakao, kituo chake kikiwa Sefwi Wiawso. Benki ya Dunia ilitoa fedha, na Shirika la Kazi Duniani likaleta wataalamu. Barabara zingefufuliwa kwa jembe, sururu na toroli, zikisaidiwa na mitambo midogo pale tu ambapo mkono hauwezi.

Kujenga kwa mikono halikuwa jambo jipya Afrika. Kenya ilikuwa imeanza tangu 1974, na mpango wake ulikuja kujenga karibu kilomita 8,000 za barabara za vijijini. Tofauti ni nani aliyeajiri. Kenya kazi ilifanywa na wizara yenyewe: mnyapara ni mtu wa serikali, na kibarua anaidai serikali moja kwa moja. Ghana ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuikabidhi kazi ya aina hii kwa makandarasi wadogo binafsi. Serikali ingetoa mkataba, mkandarasi angeajiri watu wa vijiji vilivyo kando ya barabara, naye angelipwa kwa kilichopimwa.

Hapo katikati, kati ya serikali na kibarua, akaingia mtu wa tatu ambaye mfuko wake ni mwembamba. Mengine yote katika kisa hiki yanatokana na hilo.

Walivyoandaliwa

Maandalizi yalikuwa mazuri, na nasema hivyo kwa dhati. Zilichaguliwa kampuni ndogo zilizokuwapo, na wamiliki na wasimamizi wao wakapelekwa mafunzoni darasani na kwenye barabara halisi. Walifundishwa kupima, kupanga vikundi, kukadiria gharama na kuweka kumbukumbu. Baada ya mafunzo kila kampuni ilipewa mkataba mfupi wa majaribio, na iliyofaulu ikapata mitambo midogo kwa mkopo: matrekta yenye matela, mashine ndogo za kushindilia, zana za mkono. Mkopo ungelipwa kwa makato kutoka kwenye hati za malipo, yaani karatasi zinazothibitisha kazi iliyopimwa ili mkandarasi alipwe, kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda. Mwanzoni bei za kazi zilipangwa na idara yenyewe, ili mgeni wa biashara hii asijichinje kwa kutaka kushinda zabuni.

Mafunzo, jaribio, mkopo, kazi. Ukiusoma mpangilio huo kwenye karatasi huoni kasoro. Baadaye mafunzo yalipata makao ya kudumu Koforidua, na makandarasi wa nchi nyingine wakatumwa Ghana kujifunza.

Ili kuelewa kilichofuata, tuitazame siku moja ya kazi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vibarua wamefika. Kiongozi wa kikundi ameshapigilia vigingi na kuvuta kamba. Kila mtu anaonyeshwa kipande chake: mtaro wa urefu fulani, upana fulani, kina fulani. Waliokulia shambani wanakielewa mara moja, maana ni ileile ngwe ya kulima, ila hapa inachimbwa. Udongo ukiwa wa kawaida mtu mmoja huchimba wastani wa meta za ujazo tatu na nusu kwa siku. Ukiwa mgumu, tatu. Ukiwa mgumu sana, mbili. Akimaliza kipande saa tano, siku yake imekwisha na anakwenda zake shambani akiwa na ujira kamili. Ndiyo maana kipande hupendwa: hakuna kusimama juu ya koleo kumsubiri mnyapara apite. Msimamizi anapita na kibao cha kupimia mwinamo kuona kama mgongo wa barabara umepanda kiasi cha kumwaga maji pembeni, anatia alama kwenye daftari la mahudhurio, na jina limeshaingia kwenye deni.

Sasa hesabu changarawe. Barabara ya upana wa meta tano ikitandikwa changarawe ya unene wa sentimeta 15, kilomita moja inataka meta za ujazo 750. Tela la meta tatu za ujazo litakwenda safari 250. Kuichimba tu changarawe hiyo kwenye udongo mgumu ni siku-kazi 250, kabla hujapakia, kusambaza, kumwagia maji wala kushindilia. Mkandarasi anayetaka kumaliza kilomita moja na zaidi kwa mwezi anahitaji watu mia na zaidi kila siku, na majina yao wote yako katika daftari moja.

Kwa hiyo mkandarasi wa kazi ya mikono, kabla hajawa mjenzi, ni mlipa mishahara. Huyu hafanani na mwenzake wa mitambo. Buldoza likizimwa halidai chakula. Unaliegesha, unalifunika turubai, na mwezi ujao unaliwasha. Watu 120 huwezi kuwafunika turubai.

Kilichotokea

Kazi ilikwenda. Barabara zilifufuliwa, ubora wake ulikubalika kwa wahandisi, na mpango ukapanuliwa nje ya Mkoa wa Magharibi. Vijana na wanawake waliokuwa hawana pa kupata fedha taslimu walizipata karibu na nyumbani. Hilo lisipuuzwe.

Lakini malalamiko yalikuja mapema, na yakaendelea kuja miaka yote: malipo yanachelewa. Kipimo kilifanywa na mhandisi uwanjani, hati ikaandikwa, ikapanda kutoka wilayani kwenda mkoani, kutoka mkoani kwenda Accra, ikapita kwenye meza za uhakiki, kisha ikasubiri fedha ziwepo. Makandarasi walisubiri kwa miezi.

Nimeona ripoti nyingi za miradi ya aina hii zinavyoliandika jambo hilo. Hupewa mstari mmoja katika orodha ya changamoto, kati ya upungufu wa magari na haja ya mafunzo zaidi. Naona ni kosa kubwa la uchambuzi. Acha tulipigie hesabu kwa namba rahisi za mfano, tuone linafanya nini.

Tuseme kazi ya mwezi mmoja ina thamani ya 100. Ujira wa vibarua unachukua 45. Mafuta, vipuri na gharama za changarawe, 25. Wasimamizi, zana na ofisi, 15. Jumla 85. Makato ya mkopo wa mitambo, 10. Mkandarasi anabakiwa na 5. Ni faida ndogo, lakini anaishi, na akimaliza mkopo anakuwa na mitambo yake.

Hati yake ikichukua miezi mitatu kulipwa baada ya mwezi wa kazi kwisha, fedha ya kwanza inaingia mwisho wa mwezi wa nne. Mpaka siku hiyo ameshatoa mara nne ya 85, yaani 340. Kwa faida ya 5 kwa mwezi angehitaji zaidi ya miaka mitano na nusu kukusanya kiasi hicho. Hana, kwa hiyo anakopa. Kuanzia hapo kila mwezi anapokea 90 baada ya makato na kutumia 85, na deni lake linaelea karibu na 300 bila kushuka. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ambayo kwa Ghana ya miaka ya 1990 haikuwa ya ajabu, riba peke yake ni 9 kila mwezi. Faida ni 5.

Huyu mtu hajakosea popote. Amefundishwa akafundishika, kazi yake imepimwa ikakubaliwa, watu wake wamechimba kila kipande. Anafilisika kwa sababu mteja wake anamkopa bila kumwomba.

Hesabu hiyohiyo, malipo yakija wiki mbili baada ya mwezi kwisha, inaleta deni la wastani wa 80 hivi, na riba isiyofika 2.5. Anabakiwa na nusu ya faida. Tofauti kati ya kampuni inayokua na kampuni inayokufa ni siku 75 ndani ya droo la mtu mwingine.

Kisha likaja la bei. Mwaka 1990 dola moja ilikuwa karibu sedi 330; mwaka 1995 ilikuwa karibu 1,200. Mfumuko wa bei mwaka 1995 ulikaribia asilimia 60. Sedi 100 zilizocheleweshwa miezi minne katika mwaka wa namna hiyo zinapolipwa zimeshapoteza kama sehemu moja ya saba ya nguvu yake ya kununua. Aliyelipwa kwa kuchelewa alikuwa amelipwa pungufu, ingawa namba kwenye hundi ni ileile.

Kakao na kalenda

Kuna jambo jingine ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kalenda.

Kusini mwa Ghana mvua kubwa hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, na mvua ndogo hurudi Septemba hadi Novemba. Kazi ya udongo inakwenda vizuri zaidi miezi ya kiangazi, Desemba hadi Machi. Mavuno makuu ya kakao ni Oktoba hadi Machi. Miezi ambayo mkandarasi anahitaji watu ndiyo miezi ambayo shamba nalo linahitaji watu, na shamba la kakao hulipa. Kibarua wa Sefwi Wiawso mwezi Januari si mtu asiye na pa kwenda. Akikosa ujira wiki mbili atavumilia, kwa kuwa mnyapara ni wa kijijini kwake. Wiki nne, atahama kimyakimya. Kikundi cha watu 120 kinakuwa 70, kisha 40, na trekta linasimama kwenye shimo la changarawe bila wapakiaji. Kazi ikizorota, kipimo cha mwezi kinapungua, hati inayofuata inakuwa ndogo, na makato ya mkopo yanabaki palepale.

Upande wa pili, mwaka wa bajeti wa serikali huanza Januari. Kwa hiyo kazi nyingi inafanywa miezi ileile ambayo hazina ya mwaka mpya haijaanza kutoa fedha sawasawa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa nia mbaya. Lakini mtu akipanga programu ya kazi za mikono bila kuziweka kalenda tatu, ya mvua, ya shamba na ya hazina, juu ya meza moja, atakuwa amepanga ukame wa fedha katikati ya kiangazi.

Mkandarasi akifika hapo ana njia chache, na zote zinaumiza mpango. Anaweza kumpunja kibarua. Anaweza kulikodisha trekta la mradi libebe mizigo mingine, ili apate fedha taslimu. Anaweza kupunguza unene wa changarawe. Au anaweza kuamua kwamba biashara ya watu wengi ni ya hatari na kuhamia kazi ya mitambo, ambako kuchelewa kwa malipo hakugombanishi mtu na kijiji kizima. Wa mwisho huyo ndiye anayeniuma zaidi, maana aliyeondoka ni yuleyule aliyefundishwa kwa gharama kubwa, na ameondoka kwa sababu ana akili.

Halafu idadi ya makandarasi waliofundishwa ikapita kazi iliyokuwapo, na hata waliokuwa na nidhamu ya fedha wakakaa miezi bila mkataba huku mkopo ukisubiri.

Aliyepaswa kufundishwa

Maelezo ya kawaida ya kudhoofika kwa makandarasi hawa ni kwamba hawakuwa na mtaji na uongozi wao ulikuwa dhaifu. Sikubaliani nayo. Kukosa mtaji kulijulikana tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana waliitwa wadogo, na ndiyo maana walipewa mkopo. Mpango mzima ulijengwa juu ya hati kulipwa kwa wakati: ujira ulitoka humo, mafuta yalitoka humo, mkopo wa mitambo ulikatwa humohumo. Kilichofundishwa, kupimwa na kujaribiwa kilikuwa ni mkandarasi. Mlipaji hakujaribiwa na yeyote. Hakuna mkataba mfupi wa majaribio uliompima mteja kama anaweza kutoa fedha ndani ya siku 30 kabla hajakabidhiwa makandarasi wa kuwalisha.

Yapo ya kufanya, na si mageni. La kwanza kwangu ni kuifupisha safari ya hati. Kazi ndogo inaweza kupimwa kwa kipande kilichokamilika, kwa mfano kila meta 500 zenye mitaro na mgongo uliokwisha, badala ya kurasa za vipimo vya kila kitu. Mhandisi wa mkoa akipewa mamlaka ya kuidhinisha na kulipa hadi kiwango fulani, karatasi haina sababu ya kusafiri mpaka makao makuu. Fedha za mkataba zitengwe akauntini kabla mkataba haujasainiwa. Idara isiyoweza kutenga isisaini, hata kama maana yake ni kilomita chache mwaka huo.

Watu hupenda kutaja malipo ya awali. Yanasaidia, lakini mara nyingi yanadai dhamana ya benki, na benki inadai rehani ambayo mkandarasi mdogo hana. Malipo ya awali kwa njia ya vitu, yaani mafuta, zana na makalvati yanayokatwa baadaye, yanaweza kupita pale dhamana inapogoma. Kuhusu riba ya ucheleweshaji, mikataba mingi inaitaja na wachache huidai. Nani atamshtaki mteja wake wa pekee?

Masharti ya mikataba yenyewe nayo yaangaliwe upya. Yale ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999 yanampa mwajiri hadi siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee taarifa ya mkandarasi. Kwa bwawa la umeme ni muda wa haki. Kwa mkataba ambao karibu nusu yake ni ujira wa watu wanaotarajia kulipwa kila wiki mbili, siku 56 ni malipo manne ya ujira mfukoni mwa mkandarasi kabla hajaona senti, na hapo mwajiri hajavunja sharti lolote. Kanuni za hazina za Afrika Kusini zinataka ankara ilipwe ndani ya siku 30. Ni afadhali, lakini hata hizo ni siku za malipo mbili.

Ghana yenyewe imeshajaribu njia tofauti. Mwaka 1997 sheria mpya iliupa Mfuko wa Barabara msingi imara zaidi wa mapato. Kisha kuanzia 2010, katika mradi wa fursa za kijamii uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kazi za mikono zilirudi kwenye wilaya maskini, nyingi zikiwa kaskazini: barabara, mabwawa madogo, upandaji miti, zikifanywa kiangazi wakati shamba la kaskazini halina kazi. Safari hii ujira ulitenganishwa na mkandarasi. Baadaye ukaanza kulipwa kwa kadi ya e-zwich, ambayo mtu huifungua kwa alama ya kidole chake.

Huo ni mgeuko mkubwa kuliko unavyoonekana. Ile 45 katika hesabu yetu imeondoka mabegani mwa mkandarasi. Anabaki kugharimia mafuta, usimamizi na zana. Deni lake la kusubiri linapungua kwa zaidi ya nusu, na kijiji kinajua kwamba anayedaiwa ujira si yeye.

Lakini fuata karatasi uone inapokwenda. Ili kadi iingie fedha, daftari la mahudhurio lazima litoke kwenye barabara, lihakikiwe wilayani, liingizwe kwenye mfumo, liidhinishwe. Jina likiandikwa kwa herufi moja pungufu, linarudishwa. Msimamizi akikaa nalo wiki mbili kwa kukosa nauli ya kulipeleka wilayani, watu mia wanasubiri pamoja naye. Mradi ukitaka kujua kama umepona ugonjwa wa zamani, uhesabu siku kuanzia alama ya mwisho ya mahudhurio hadi fedha kuingia kwenye kadi, uzibandike ukutani ofisini kila mwezi, jina la meza ambako daftari lilikaa muda mrefu zaidi likiwa juu kabisa.